Taa ya Njano na Nyundo ya Mariakani: Historia Fupi ya Upepo wa Tairi

Leo naweka kando hifadhidata na seva. Nataka tuzungumze juu ya ile taa ya njano kwenye dashibodi ya gari, yenye umbo kama sufuria iliyokatwa katikati na alama ya mshangao ndani yake. Wengi wameiona, wachache wanajua inasema nini. Ile si sufuria. Ni tairi lililokatwa ubavu, na inasema kwamba tairi mojawapo limepungukiwa na upepo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za taa hii nilidhani nitakuta hadithi ya wahandisi werevu na vifaa vyao. Wahandisi wamo, lakini waliotangulia ni watu waliokufa, halafu mahakama, halafu sheria. Na nilipomaliza kusoma nikaelewa jambo moja lililokuwa likinisumbua: kwa nini Mariakani, mahali ambapo malori mazito ya Afrika Mashariki hupita usiku na mchana, onyo la tairi bado ni nyundo mkononi mwa utingo.

Mji wa mizani

Kwa wasiopajua, Mariakani iko kaunti ya Kilifi, kilomita 36 hivi kutoka Mombasa, kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi. Reli ya zamani ilipita hapo tangu ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896, na reli mpya ya SGR ya mwaka 2017 nayo ina stesheni hapo. Barabara ya Kaloleni na Kilifi inachipukia hapo hapo. Lakini ukimtajia dereva wa lori jina Mariakani, la kwanza kumjia akilini ni mizani.

Mizani ile ndiyo ya kwanza kwa mzigo unaotoka bandari ya Mombasa kuelekea Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo kwa njia hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari inasema ekseli ya mbele ya usukani isizidi tani 8, kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha tani 18, kundi la tatu tani 24, na gari zima lisizidi tani 56. Sababu yake inajulikana. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Yaani ukizidisha uzito mara mbili, barabara inaumia kama mara 16. Serikali inalinda lami yake, na ina haki.

Lakini angalia vizuri kinachopimwa. Mizani inapima mzigo unaoikandamiza barabara. Upepo unaoubeba mzigo huo haupimwi hapo. Lori linaweza kupita mizani likiwa halali kwa kila kilo, na huku tairi moja la ndani limelala.

Mzigo unabebwa na upepo

Ngoja nifanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo kiini cha mambo. Watu hudhani tairi ni mpira unaobeba gari. Kwa kweli mpira ni mfuko tu. Anayebeba ni upepo uliomo ndani.

Chukua lori la ekseli sita: moja ya mbele yenye matairi 2, mbili za nyuma ya kichwa zenye matairi 8, na tatu za tela zenye matairi 12. Jumla matairi 22. Uzito halali wa ekseli hizo ni tani 8 na 18 na 24, yaani tani 50. Tuseme kila tairi lina upepo wa psi 110, ambao ni kama kilo 7.7 kwa kila sentimita mraba. Gawanya kilo 50,000 kwa 7.7, unapata sentimita mraba 6,500 hivi. Hilo ndilo eneo lote linalogusa barabara. Gawia matairi 22, kila moja linapata sentimita mraba 295, pungufu kidogo ya nusu ya karatasi ya A4. Tani 50 za lori pamoja na mzigo wake wa saruji au ngano zinakwenda Kampala zikiwa zimekaa juu ya karatasi kumi na nusu hivi za A4.

Sasa punguza upepo. Tairi linajibana zaidi chini, ubavu wake unakunjwa na kukunjuliwa kila linapozunguka, na kule kukunjwa kunazaa joto. Tembea kilomita 60 kwenye jua la Taru na Samburu, lami ikiwa imepata moto tangu asubuhi, na gundi inayoshikilia tabaka za tairi inaanza kuachia. Ndipo unapokuta yale mapande meusi ya tairi kando ya barabara, kama ngozi za nyoka.

Kwenye matairi pacha hatari ina ujanja zaidi. La ndani likiisha upepo, la nje linabeba mzigo wa wawili. Dereva hasikii kitu, usukani hauvuti upande wowote. Kinachofuata ni la nje nalo kupasuka, au lile lililolala kusuguana na mwenzake mpaka linashika moto.

Kwa hiyo utingo anashuka na nyundo au chuma na kugonga tairi moja moja. Tairi lililojaa linairudisha nyundo na kutoa mlio wa wazi. Lililolala linaimeza. Ni njia ya haraka, haihitaji betri, na inalifikia hata la ndani. Udhaifu wake ni kwamba nyundo inatofautisha tairi lenye upepo na lisilo na upepo tu. Psi 110 na psi 85 zinalia karibu sawa sikioni, na tofauti hiyo inatosha kulipika tairi kabla ya Voi.

Walioanzisha mambo

Tairi la upepo lilibuniwa mara mbili. Mskoti Robert William Thomson aliliandikishia hataza mwaka 1845, akiwa na miaka 23, kwa ajili ya magari ya farasi. Lilifanya kazi, lakini mpira ulikuwa ghali na baiskeli zenye mwendo zilikuwa bado hazijaja, basi likasahaulika. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Alipata hataza, kisha ikabatilika ilipogunduliwa kwamba Thomson alimtangulia kwa zaidi ya miaka 40.

Pamoja na upepo ilikuja pancha. Tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu, na kulitoa ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walitoa tairi la baiskeli linaloweza kuvuliwa na kuzibwa. Mwaka 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Lilipata pancha baada ya pancha na halikumaliza ndani ya muda uliowekwa. Lakini lilifika, na watu wakaona kwamba inawezekana.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 ikatoka valvu ya Schrader. Hii nataka muitazame kwa jicho la mtu wa kompyuta. Ile pua ndogo ambayo fundi wa pancha wa Mariakani anaitemea mate kuona kama kuna mapovu ni ile ile, ya zaidi ya miaka 120 iliyopita. Pampu ya baiskeli na kompresa ya malori zinaingia hapo bila kuuliza toleo. Sisi tunaoandika programu tunabadilisha viunganishi kila baada ya miaka miwili, kisha tunashangaa wateja wakilalamika.

Spea nayo ina historia. Magari ya kwanza yaliuzwa bila gurudumu la akiba. Mwaka 1904 ndugu wa ukoo wa Davies, huko Llanelli, Wales, walianza kuuza gurudumu la ziada na kuliita kwa jina la mtaa wao, Stepney. Hadi leo India na Malta spea inaitwa stepney.

Mpira ulitoka wapi

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya historia ya magari vinaruka ukurasa huu. Dunlop na Michelin walihitaji mpira, na mpira ulikuwa katika misitu. Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa viwango vya mpira wa mwituni, na walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, watu waliuawa, na mikono ya watu ilikatwa. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyotoka mwaka 1904, ndiyo iliyoyaweka mambo hayo mezani rasmi. Hiyo ndiyo bei ya matairi ya kwanza ya Ulaya, na haikulipwa na wanunuzi.

Pwani yetu haikupona. Mwanzoni mwa karne ya 20 bei ya mpira ilipopanda, makampuni na walowezi walifungua mashamba ya mpira upande wa Malindi, wakataka vibarua. Serikali ya kikoloni ikawatazama Wagiriama. Mwaka 1912 ofisa Arthur Champion alitumwa kwao kuweka utawala, kukusanya kodi na kutafuta watu wa kazi. Wagiriama walikuwa na mashamba na biashara yao wenyewe, hawakuona sababu ya kwenda kulima ya wengine. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka akiwalisha watu kiapo wasikubali, akakamatwa na kupelekwa mbali hadi Kisii. Agosti 1914 Waingereza wakalipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ambayo haiko mbali na Mariakani hii tunayoizungumzia. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, lakini kutaka vibarua wa mashamba ilikuwa mojawapo kubwa, na mpira ulikuwemo katika mashamba hayo. Wakati huo huo bei ya mpira ilikuwa imeshaanguka, kwa sababu mashamba ya Asia yalianza kuutoa kwa wingi na kwa rahisi.

Nayasema haya kwa sababu mfano ule utarudi: kitu kinaamuliwa mbali, na gharama inaangukia mahali pengine.

Taa inazaliwa

Kwa miaka mingi dereva alijua tairi limeisha upepo kwa kuhisi usukani au kwa kusikia mlio. Matairi yasiyo na tyubu, ambayo B.F. Goodrich ya Marekani iliyatangaza mwaka 1947, yalipunguza mipasuko ya ghafla lakini yakaleta shida mpya: yanavuja polepole. Tairi la tyubu likichomwa linalala mara moja, unaliona. Lisilo na tyubu linaweza kukaa na msumari wiki nzima likipungua kidogo kidogo.

Gari dogo la kwanza kuwa na mfumo wa kupima upepo lilikuwa Porsche 959 ya mwaka 1986, gari la matajiri wachache. Mwaka 1999 Peugeot 607 ilikuja nao, na mwaka 2000 Renault Laguna ya pili ikauweka kwenye gari la kawaida linalouzwa kwa wingi. Ungeweza kuishia hapo, kitu cha ziada kwa anayeweza kulipa. Kilichobadilisha mambo ni Firestone.

Ford Explorer nyingi za miaka ya 1990 zilitoka na matairi ya Firestone ambayo uso wake ulikuwa ukibanduka gari likiwa katika mwendo kasi, na gari likapinduka. Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone baadaye ikasema bora 30. Upepo mdogo, mzigo, mwendo na joto, ni yale yale tuliyoyaona kwenye lori. Na angalia ishara zilianzia wapi: mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, kisha Venezuela na Kusini-Mashariki mwa Asia, kabla Wamarekani hawajaambiwa kitu. Joto lilionya kwanza katika nchi za joto. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ikatangaza kuyaita matairi milioni 6.5 nchini Marekani. Idara ya usalama barabarani ya huko ilihesabu hatimaye vifo 271.

Bunge la Marekani likakasirika. Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alitia saini sheria iitwayo TREAD, na ndani yake kulikuwa na agizo kwamba magari mapya yawe na onyo la upepo wa tairi. Basi taa ya njano ikazaliwa, si dukani, bali bungeni.

Ubishi wa wahandisi, na jaji aliyesoma maelezo

Kulikuwa na njia mbili za kutekeleza agizo hilo. Ya kwanza ni kuweka sensa (si ile ya kuhesabu watu) ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu. Ina betri ndogo na redio, inapima upepo na kutangaza namba.

Njia ya pili ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu haina kifaa kipya, ni programu tupu. Gari lenye breki za ABS, ambazo Bosch ilizileta kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, tayari lina vipimo vya kasi ya kila gurudumu. Tairi likipungua upepo linakuwa dogo kidogo, basi linazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake kwa safari ile ile. Linganisha magurudumu manne, na anayekimbia kupita wenzake ndiye mgonjwa. Ni mistari michache ya msimbo. Lakini ina shimo: yote manne yakipungua pamoja, kama inavyotokea kwa gari lisilojazwa miezi sita, hakuna anayemzidi mwenzake, na programu inasema kila kitu kiko sawa.

Mwaka 2002 idara ya usalama ilitoa kanuni iliyoruhusu watengenezaji kuchagua mfumo dhaifu kama huo. Shirika la kutetea watumiaji, Public Citizen, likaenda mahakamani, na Agosti 2003 mahakama ya rufani ikaifuta kanuni. Sheria ilisema dereva aonywe tairi likipungukiwa sana, na mfumo usioona matairi mawili au manne yakipungua haukidhi sheria. Kila mwandishi wa programu angepaswa kusoma kesi ile. Jaji alisoma maelezo ya mteja kuliko wahandisi walivyoyasoma.

Kanuni mpya ikatoka Aprili 2005: taa iwake tairi lolote, au yote, likipungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya Marekani lilitakiwa kuwa nayo. Ulaya ikafuata: Novemba 2012 kwa aina mpya za magari madogo, Novemba 2014 kwa yote mapya. Mifumo ya programu tupu haikufa. Iliboreshwa, ikaanza kusikiliza pia mitetemo ya tairi, na bado inatumika kwenye magari mengi.

Kwa nini haikufika Mariakani

Sasa rudi nyumbani. Magari madogo mengi ya Kenya yananunuliwa yakiwa yametumika, na mengi yanatoka Japani, kwa sababu tunaendesha upande mmoja nao. Japani haikuweka sheria kama zile za Marekani na Ulaya. Kwa hiyo gari nyingi zinazoshuka Mombasa hazikuwahi kuwa na taa hiyo. Hakuna aliyeitoa njiani. Haikuwekwa, kwa sababu sheria iliyoizaa haikupita njia ya magari yetu.

Zile zilizo nayo zina tatizo la hesabu. Betri ya sensa hudumu kati ya miaka 5 na 10, na imefungiwa ndani, haibadilishwi kama ya rimoti. Kenya inaruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka 8. Basi gari likifika na miaka 7, sensa zake ziko ukingoni. Taa inapepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha inabaki imewaka: maana yake si kwamba tairi limepungua, bali kwamba mfumo wenyewe ni mgonjwa. Tofauti hiyo ni wachache wanaoijua. Nimeona gari ambalo taa imefunikwa kwa kipande cha selotepu nyeusi. Halafu masafa ya redio hayalingani: Japani na Marekani hutumia megahezi 315, Ulaya 433.92. Ukinunua sensa ya Ulaya kwa gari la Japani, zitakuwa kama watu wawili wanaozungumza, mmoja Kigiriama na mwingine Kifini.

Na malori? Sheria zile za awali ziliyaacha nje kabisa. Ulaya ndiyo iliyoyaingiza, Julai 2022 kwa aina mpya na Julai 2024 kwa malori na tela zote mpya. Ukizingatia umri wa tela zinazopita Mariakani, itachukua muda mrefu kabla onyo hilo halijafika hapa kwa njia hiyo.

Kuna kitu kingine ambacho magari ya kisasa yanatuletea: kukosa spea. Mengine huja na chupa ya dawa ya kuziba na kompresa ndogo, mengine na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, kwa kawaida kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Mpango huo ni mzuri kwa mji wenye gereji kila kona. Kutoka Mariakani hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Fanya hesabu mwenyewe: utaishia mahali fulani kati ya Mackinnon Road na Voi, ukiweka matawi barabarani kama watu wa malori.

Sensa inayozungumza na kila mtu

Kwa wanaopenda usalama wa mitandao, hapa kuna utamu. Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na South Carolina walionyesha kwamba sensa za tairi zinatangaza namba zao hewani bila kufungwa kwa siri yoyote. Waliweza kuzisikia kutoka mita 40 kwa vifaa vya bei nafuu. Kwa kuwa kila sensa ina namba yake ya kudumu, gari lingeweza kutambuliwa likipita, hata namba za usajili zikifunikwa. Na gari halikumuuliza anayesema ni nani: walituma ujumbe wa uongo na taa ikawaka gari likiwa safarini. Sijapenda kuwatisha, lakini mjue kwamba taa ile inaamini kila inachoambiwa.

Kasoro hiyo hiyo ni mlango kwetu. Ipo programu huria iitwayo rtl_433 ambayo, pamoja na kijiti cha USB cha kupokea redio, inasoma sensa za aina nyingi za magari. Kuna pia sensa za kufungwa juu ya valvu, ambazo lori la zamani linaweza kuvishwa bila kuvua tairi. Fikiria mizani ya Mariakani, ambapo kila lori husimama au kupunguza mwendo: kipokezi kimoja pale kingeweza kusoma tela nzima na kumwambia dereva, "La ndani, ekseli ya tano, psi 70." Mahali pa kuliuliza lori pameshajengwa. Kinachokosekana ni swali la pili. Lakini lijengwe kwa onyo kwa dereva kwanza, si faini, la sivyo kila sensa itang'olewa kabla ya Mazeras.

Wakati tunasubiri

Haya machache yanatosha kwa leo, kwa mwenye gari dogo:

1. Kiwango cha upepo kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wake, siyo kiwango chako.

2. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Baada ya safari upepo umepanda kwa joto, na ukipunguza wakati huo kesho utakuta pungufu.

3. Ukijaza Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kisha ukateremka pwani, hewa ya nje ni nzito zaidi na kipimo kitasoma pungufu kwa psi 2 na nusu hivi. Joto la pwani litarudisha sehemu yake. Pima tena ukifika.

4. Usisubiri taa. Gari la psi 32 linawasha taa likifika 24. Kutoka 31 hadi 25 kimya kitupu, na tairi linachemka muda wote huo.

Kipimo cha upepo cha mkononi ni kidogo kama kalamu na ndicho nyongeza ya bei rahisi kuliko zote kwenye gari lako. Na ukipita Mariakani, simama kwa fundi wa pancha, mwambie akague na spea pia. Spea ndiyo tairi ambalo hata sensa nyingi za kisasa hazilitazami.

Kwa leo naishia hapa. Safari njema, na tuonane makala ijayo.